Mpenzi Asiyeonekana: "My Love" ya Westlife Tukiitazama kutoka Moshi

Kwa miaka mingi nimewasikia watu wa hapa Moshi wakiuita "My Love" wa kundi la Westlife wimbo wa mapenzi, na sina ugomvi nao, kwa sababu ndivyo maneno yake yanavyoanza na ndivyo jina lake linavyojitangaza. Hata hivyo, kila ninapoitazama video yake nazidi kuamini kwamba wale vijana watano wanarudi kwao, na kwamba mwanamke anayeimbwa si yeye anayewafanya watembee kiasi kile. Wimbo wenyewe ungeweza kueleweka kwa namna mbili. Aliyetengeneza video alichagua namna moja na kuifuata mpaka mwisho bila kuyumba, na kwa maoni yangu uamuzi huo ndio ulioufanya wimbo huu ushike mizizi katika mji kama wetu, ambao kila Desemba hupokea watoto wake kutoka pembe zote za nchi.

Westlife walianza wakiwa vijana watano kutoka Ireland. Shane Filan, Kian Egan na Mark Feehily ni wa Sligo, mji mdogo wa magharibi ya nchi hiyo, ilhali Nicky Byrne na Brian McFadden ni wa Dublin, mji mkuu. "My Love" ilitoka mwishoni mwa Oktoba 2000, siku chache kabla ya albamu yao ya pili iitwayo Coast to Coast, na ikafika nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza. Ilikuwa singo yao ya saba mfululizo kufika kileleni tangu walipoanza na "Swear It Again" mwaka 1999, jambo ambalo hakuna kundi lililokuwa limewahi kulifanya tangu singo yake ya kwanza. Spice Girls, waliokuwa wakishikilia rekodi hiyo, walikuwa wameishia sita. Desemba ya mwaka huohuo mfululizo ulikatika, pale "What Makes a Man" iliposhindwa kuupita wimbo wa katuni ya watoto ya Bob the Builder. Kwa hiyo "My Love" ndio wimbo uliofunga kipindi kile ambacho kila walichokitoa kilikwenda moja kwa moja juu.

Tuanze na maneno. Ubeti wa kwanza unatupa barabara tupu, nyumba tupu na moyo wenye pengo, halafu mtu aliyebaki peke yake katika vyumba ambavyo anaviona vikizidi kuwa vidogo. Anajiuliza zimekwenda wapi siku zile na nyimbo walizokuwa wakiimba pamoja. Ubeti wa pili unamwonyesha akijaribu kusoma, akienda kazini, akicheka na wenzake, na bado akili yake haitulii. Mpaka hapo ni wimbo wa mtu aliyeachana na mpenzi, na hakuna jipya sana. Kiitikio ndicho kinachobadilisha mambo, kwa sababu mtu huyu anapoomba dua, haombi mpenzi wake arudi. Anaomba ndoto zimchukue yeye, zimvushe bahari kutoka pwani hadi pwani, zimfikishe mahali anapopapenda kuliko pengine popote, mahali penye anga la buluu na mashamba ya kijani. Mpenzi yupo, ndiyo, lakini yupo huko, ndani ya mahali hapo, na katika wimbo mzima hatuambiwi lolote juu ya sura yake, jina lake, sauti yake wala kosa lililowatenganisha. Mashamba yametajwa kwa rangi yake; yeye hakutajwa hata kwa hilo.

Nadhani hilo halikutokea kwa bahati. Wimbo huu uliandikwa na Waswidi wanne, Jörgen Elofsson, Pelle Nylén, David Kreuger na Per Magnusson, na wawili hawa wa mwisho ndio walioutayarisha. Ni watu wa ile shule ya muziki wa pop ya Stockholm ambayo katika miaka ya 1990 iliwaandikia wasanii wengi wa Marekani na Uingereza. Walikuwa wakiwaandikia vijana wa Ireland, nchi inayojulikana duniani kwa kijani chake na kwa watu wake waliotawanyika ng'ambo, na waliandika kwa lugha ambayo kwao wenyewe ilikuwa ya kujifunza. Ndiyo maana Kiingereza cha wimbo huu ni chepesi kiasi kile: maneno mafupi, sentensi fupi, hakuna fumbo linalohitaji mtu awe amekulia London ili alifumbue. Mwanafunzi wa kidato cha pili wa shule ya bweni ya mkoani Kilimanjaro aliweza kuusikiliza kwenye redio, akarudisha kanda nyuma mara kadhaa, na akaunakili wote kwenye kaunta buku lake bila kukosea sana. Nimeyaona madaftari ya namna hiyo, yenye nyimbo zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu na viitikio kwa kalamu nyekundu, yakizunguka kitanda hadi kitanda mpaka majalada yakachanika. Nyimbo nyingi za Kiingereza za wakati ule tuliziimba kwa kubahatisha. Huu tuliuimba tukijua tunachokisema.

Upande wa muziki nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wa huku kwetu tulikuwa na masikio yaliyokwisha kuandaliwa. Moshi ni mji wa kwaya. Mtoto aliyekulia katika usharika wa Kilutheri au parokia ya Kikatoliki huku mlimani hujua kabla ya kumaliza shule ya msingi kwamba kuna sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na kwamba kila moja ina njia yake ambayo hairuhusiwi kuingilia ya jirani. Katika kwaya ya vijana niliyokuwa nikiimba, mwalimu alituandikia noti za sol-fa ubaoni kwa chaki, akatugawa, akatufanyisha mazoezi ya kila sauti peke yake huku wengine wakisubiri, na mwisho akatuunganisha. Siku moja baada ya mazoezi, mwalimu alipokwisha kuondoka, vijana wa sauti ya tatu walianza kiitikio cha "My Love" nje ya mlango wa kanisa, kwa sauti ya chini, na kabla hawajamaliza mstari wa kwanza akina dada wa sauti ya pili walikuwa wameshajua pa kuingilia. Hakuna aliyewafundisha. Mpangilio wake ulikuwa ni ule waliokuwa wameuzoea tangu utotoni, isipokuwa kwamba ulitoka redioni.

Ukiusikiliza wimbo kwa masikio hayo, utaona ulivyojengwa kwa subira. Shane Filan anaanza peke yake, juu ya muziki mwembamba, kwa sauti isiyojilazimisha. Wengine wanaingia polepole, kwanza kama kivuli nyuma ya mwimbaji mkuu, kisha kwa ukamilifu wao kwenye kiitikio, ambapo sauti zote tano zinashikana na ngoma zinaanza kuhesabu mwendo. Baada ya kiitikio cha pili inakuja sehemu ya daraja, ambayo ndiyo sehemu pekee mtu huyu anaposema wazi atakachokifanya akifika: kukumbatia, kuahidi, kusema yaliyo moyoni. Halafu ufunguo unapanda, yaani wimbo mzima unahamia kwenye sauti za juu zaidi, na kiitikio kinarudi kikiwa juu zaidi ya mara ya kwanza. Najua wapo wanaoikejeli mbinu hii ya kupandisha ufunguo, wakisema ni njia rahisi ya kumtoa msikilizaji machozi. Sikubaliani nao, angalau si kwa wimbo huu. Kila mwanakwaya anajua kwamba kupandisha ufunguo ni kuongeza mzigo: sauti ya kwanza lazima ipande bila kupiga kelele, na sauti ya nne lazima ibaki chini bila kutetereka. Hapa kupanda huko kuna kazi ya kufanya, kwa kuwa wimbo unahusu mtu anayejisukuma kuelekea mahali fulani, na bila msukumo huo wa mwisho angekuwa amebaki palepale alipoanzia, ndani ya chumba kinachozidi kuwa kidogo.

Sasa niseme juu ya video. Inaanza uwanja wa ndege. Vijana wanataka kurudi kwao, na safari yao ya ndege imefutwa. Hakuna maelezo marefu, hakuna mtu anayegombana na mhudumu. Wanasimama, wanaondoka, wanaanza kutembea. Kuanzia hapo video haina jambo jingine ila njia. Tunawaona mtaani, tunawaona kwenye treni, tunawaona bandarini, na mwisho tunawaona juu ya magenge, yaani ile miamba mirefu iliyokatika wima juu ya bahari, huko Ireland, upepo ukiwapiga, na kamera ikiwazunguka kutoka angani huku kiitikio cha mwisho kikiwa kimepanda.

Jambo linalonigusa zaidi ni lile ambalo halimo. Video za nyimbo za taratibu za makundi ya vijana wa miaka ile zilikuwa na desturi zake: msichana mrembo dirishani, mvua, mshumaa, picha iliyochanwa, na mwisho kukumbatiana au mlango kufungwa. Huku kwetu tuliziita bluzi, na tulipoona bluzi tulijua msichana atatokea tu. Katika "My Love" hatokei. Hakuna anayewasubiri kule kwenye magenge. Hakuna barua wala simu. Vijana wanafika ukingoni mwa nchi yao, na kufika huko ndiyo furaha yote ya video. Mtengenezaji alikuwa na nafasi ya kumweka mwanamke mwenye skafu akipunga mkono, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Kutomweka ni uamuzi wa mtu aliyesikiliza kiitikio kwa makini na kugundua kwamba kinachotajwa kwa wazi humo ni mahali.

Na mahali penyewe hapakuchaguliwa ovyo. Magenge yale ni ya Moher, katika jimbo la Clare, pwani ya magharibi ya Ireland, na sehemu yake ya juu kabisa inafika mita 214 kutoka usawa wa bahari. Mtu anayetoka Uingereza kwa meli huteremka upande wa mashariki, upande wa Dublin, ambao ndio unaotazamana na Uingereza. Kwa hiyo vijana hawa wangeweza kusimama wakishakanyaga gati, na kwa Nicky na Brian hapo wangekuwa wameshafika kwao. Video haikuwaacha hapo. Iliwavusha kisiwa kizima mpaka upande wa pili, mahali ambapo nchi kavu inakatika ghafla na mbele yako ni Atlantiki peke yake mpaka Amerika. Katika bahari hiyohiyo walipita Wairish wengi waliohama. Njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, zao la viazi liliposhambuliwa na ugonjwa, iliua watu wapatao milioni moja na kuwafanya wengine zaidi ya milioni moja kuondoka nchini katika miaka michache, na kuondoka huko kuliendelea kizazi baada ya kizazi, mpaka katika miaka ya 1980 ambapo kijana aliyemaliza shule alifikiria London au Boston kabla ya kufikiria kazi nyumbani. Hali ilianza kugeuka katikati ya miaka ya 1990, uchumi wa Ireland ulipokua kwa kasi na waliokuwa nje wakaanza kurudi. Wimbo huu ulitoka katika wakati huo. Watu wazima walioutazama kule mwaka 2000 walikuwa na ndugu waliovuka bahari hiyo na hawakurudi, na wengine ambao ndio kwanza walikuwa wamerudi.

Hapo ndipo mtu wa Moshi anapokaa sawasawa kwenye kiti chake. Kila mwaka ikifika katikati ya Desemba, Dar es Salaam huanza kupungua watu, na utani wa Watanzania kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa husikika kila kona. Ni utani, lakini ndani yake mna ukweli ambao sisi hatuufanyii utani. Maduka ya Kariakoo hufungwa, nauli hupanda, tiketi hukosekana, na watu waliokuwa Mwanza, Mbeya, Songea na hata ng'ambo hupanga mwaka wao mzima ili Krismasi iwakute Marangu, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi au Rombo. Wanarudi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lililozunguka nyumba, chini ya migomba, kwa wazazi walio hai na kwenye makaburi ya wale waliokwisha kulala, kwa kuwa huku kwetu watu huzikwa palepale nyumbani. Njia ni ndefu, kilomita zaidi ya 500 kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same. Treni ya abiria, ambayo ilikuwa haijafika Moshi kwa zaidi ya miaka 20, ilirejea Desemba 2019, na nakumbuka watu wazima walivyokwenda stesheni kuipokea kana kwamba ndani yake yumo jamaa yao mmoja mmoja.

Ninayo safari moja ya basi ambayo ilinifundisha kuitazama video hii. Tulikuwa tumetoka Dar alfajiri, njia ilikuwa imejaa magari ya watu wanaokwenda kuhesabiwa, na baada ya kula Mombo utingo aliweka mkusanyiko wa nyimbo za taratibu kwenye televisheni iliyoning'inia juu ya kichwa cha dereva. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akienda Rombo, amempakata mjukuu, miguuni ameweka ndoo ya plastiki iliyofungwa kwa kanga ili vilivyomo visimwagike. Video ya "My Love" ilipoanza aliitazama kwa umakini mkubwa kuliko zote zilizotangulia. Walipotoka uwanja wa ndege alisikitika, akasema, "Jamani, na hawa wamekosa usafiri wa kwenda kwao."

Kijana aliyekaa jirani naye akamwambia kwa heshima, "Hapana mama, hao wanaimba mapenzi."

Mama akaendelea kuitazama mpaka wakafika kwenye treni. "Sasa huyo mpenzi mbona simwoni, mwanangu? Mimi naona njia tu."

Yule kijana hakuwa na jibu, na mimi niliyekuwa nikijivunia kuyajua maneno yote kwa kichwa sikuwa nalo pia. Mama hakuelewa Kiingereza, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kumpotosha. Aliisoma video kama ilivyo: watu wanaotaka kufika, chombo kimoja kikikataa wanatafuta kingine, na kikikosekana kabisa wanatumia miguu. Nimesoma maelezo mengi ya watu kuhusu wimbo huu, na sijakutana na lililo fupi na sahihi kuliko lile.

Kuna malalamiko ambayo husikika kila Westlife wanapotajwa mbele ya watu wanaojihesabu kuwa wapenzi wa muziki hasa. Wanasema vijana hawa hawakuandika wimbo, hawakupiga ala yoyote, walichaguliwa na mameneja kwa sura na sauti, na kwamba kila kitu kilipangwa ofisini. Mengi ya hayo ni kweli. Kundi liliongozwa na Louis Walsh na Simon Cowell ndiye aliyewasimamia katika kampuni ya kurekodi, na walipokuwa bado wanatafuta nafasi baadhi ya waliokuwemo waliachwa na wengine wakaingizwa. Lakini kwa sisi tuliokulia kwenye kwaya shutuma hiyo haina uzito inayodhaniwa kuwa nao. Kwaya haitungi nyimbo zake zote. Huimba tenzi zilizotungwa na Wajerumani waliokufa karne nyingi zilizopita, na huimba tungo za mwalimu wa usharika wa jirani, na hakuna msharika anayesimama kuuliza nani kaandika kabla ya kuruhusu moyo wake uguswe. Anachouliza ni kama wanaimba kwa kweli. Nikiwasikiliza hawa watano katika kiitikio cha mwisho, nasikia watu wanaoimba kwa kweli.

Haimaanishi kwamba kila kitu kwenye video kinanipendeza. Ile tabia ya kuitazama kamera moja kwa moja na kuiimbia, ambayo makundi yote ya wakati ule yaliifuata, inakatiza safari mara kwa mara. Mtu aliyechelewa kufika nyumbani hasimami katikati ya njia akatazamwa. Nywele zao nazo hazionyeshi kama wamelala kwenye treni. Ningefurahi kuona uchovu zaidi, kola iliyokunjamana, mmoja wao akisinzia begani mwa mwenzake kama inavyotokea mtu akishapita Same jioni. Sehemu ya treni, ambayo ingeweza kubeba hisia kubwa kuliko zote, imepitwa haraka mno. Hata hivyo mwisho unalipa deni lote hilo, kwa sababu kamera inapopanda na kuwaonyesha wakiwa wadogo juu ya genge lile kubwa, hatimaye wanaacha kuwa nyuso za kuuzia kaseti na wanakuwa watu watano wamesimama kwao.

Mambo yaliyofuata yameiongezea video uzito ambao haikuwa nao siku ilipotoka. Brian McFadden aliondoka kundini mwaka 2004. Waliobaki wanne waliendelea mpaka 2012 wakaachana, wakarudi pamoja mwaka 2018, na mwaka 2024 Mark Feehily, ambaye sauti yake ndiyo iliyozoeleka kupewa sehemu za juu na zile nakshi za mwishoni, alitangaza kujiweka kando na ziara kwa sababu za afya. Kwa hiyo anayetazama leo anaona kundi ambalo halipo tena kwa idadi ile. Hapa Moshi, ambako katika picha ya familia ya Krismasi kila mwaka hukosekana mtu aliyekuwepo mwaka uliopita, jambo hilo halihitaji kufafanuliwa.

Kuna jambo moja ninalolitamani kwa dhati, na nalisema hapa kwa sababu najua vijana wanaotengeneza video hapa Moshi na Arusha husoma ninayoyaandika. Tunayo sauti nzuri nyingi katika kaskazini hii, tunao wapigapicha wenye kamera na ndege ndogo za kupigia picha angani, na tunayo safari ambayo mamilioni ya Watanzania wanaijua kwa miili yao. Haiwezekani kwamba nyimbo zetu zote za taratibu ziishie kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea na gari la kukodi. Tengenezeni moja ya Desemba. Anzeni na stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri, tiketi zikiwa zimekwisha na mtu ameshika simu akitafuta nafasi kwa jamaa wa jamaa. Mpandisheni kwenye Coaster ya kuunga mpaka Chalinze, mwacheni asimame pale na begi lake, mpeni lifti ya lori mpaka Korogwe, mlisheni mahindi ya kuchoma Mombo, na mtembezeni kwa miguu kipande cha mwisho, kutoka barabara kubwa kupanda mlimani kati ya migomba, viatu vikiwa vimejaa udongo. Sauti zigaweni nne kama mlivyofundishwa kanisani, na ufunguo msiupandishe mpaka mlima uonekane. Msimweke msichana getini. Wekeni geti lenyewe, na mtu wa nyumbani anayetoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga kwa sababu amesikia mbwa akibweka.